Ini la Fundi Mudathir

Zubeda ndiye aliyeyaona macho. Alikuwa amemtengea mdogo wake chai na mihogo ya kuchemsha barazani, nyumbani kwao Mtoni Mtongani, jua la asubuhi limeshapanda ukutani. Mudathir alipoinua uso kuomba chumvi, dada mtu akaganda na chupa ya chai mkononi.

"Hebu niangalie."

"Nini tena, dada?"

"Niangalie mie, acha kuangalia mihogo."

Akamwangalia. Zubeda akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga kama anavyogeuza papai sokoni. Weupe wa macho haukuwepo. Yalikuwa ya njano, njano ya maji ya binzari, mpaka kwenye pembe. Akamvuta kope ya chini, njano vilevile. Akamwachia, akakaa mkekani bila kusema kitu, na hilo peke yake lilimtisha Mudathir kuliko kule kushikwa kidevu, maana Zubeda si mtu wa kukaa kimya.

Kusema kweli, mwenyewe alikuwa na habari. Kwa siku kadhaa mkojo wake ulikuwa umekolea kama chai ya rangi, naye akajidanganya kuwa ni joto la karakana na uchache wa maji. Hamu ya kula ilikuwa imemkimbia. Kule Keko, alikokuwa akitengeneza makochi, akivuta kitambaa kwenye mgongo wa kochi mara moja tu mikono inaomba kupumzika. Upande wa kulia, chini ya mbavu, alihisi uzito kama amemeza jiwe. Lakini hakumwambia mtu. Aliona ameshawapa watu wake habari mbaya za kutosha.

Na kweli alikuwa amewapa. Baba yao, mzee Mwishehe, aliwalea kwa kazi ya makochi. Mudathir alijua kupigilia misumari kabla hajajua kusoma, na alipofika umri wa kunyoa ndevu wateja walikuwa wanamtaka yeye, kwa sababu mshono wake ulinyooka na kona zake hazikukunjamana. Halafu ukaja unga. Mwanzo ilikuwa kokteli tu, bangi iliyochanganywa na unga, wanavuta na wenzake baada ya kazi, wanacheka, wanarudi makwao. Baadaye moshi haukutosha, akahamia kwenye sindano, na bomba moja likawa linazunguka mikononi mwa watu wengi kama kikombe cha kahawa. Akawa analala kwenye jumba lisiloezekwa. Akauza randa na cherehani ya baba yake. Mzee Mwishehe alipofariki, Mudathir alifika nyumbani watu wameshatoka makaburini na kutawanyika. Akakaa nje ya uzio, anaona haya kuingia, mpaka Zubeda alipotoka na sahani ya wali, akamwekea miguuni, akarudi ndani bila kumwambia neno.

Ni Zubeda huyohuyo aliyesikia kwa jirani kwamba Temeke kuna kliniki wanakowanywesha mateja dawa inayoitwa methadoni, na wanapona. Alimfuata maskani, akamshika shati kwa nyuma, akaenda naye hivyohivyo barabarani, watu wanatazama. Mudathir alikuwa amekonda kiasi kwamba angejaribu kumkimbia angeanguka. Hakukimbia.

Pale kliniki walimpima damu, na muuguzi aliyempa majibu alikuwa mama mmoja wa Tukuyu anayeitwa Bupe, mnene, mwenye kicheko kinachosikika mpaka getini. Siku hiyo hakucheka. Alimwambia ana virusi vya Ukimwi, na kwamba kinga yake imeshuka sana. Hilo Mudathir alilitegemea. Kisha akamwambia ana homa ya ini pia, ile wanayoiita C.

"Ndiyo nini hiyo, sista?"

"Ni mdudu mwingine, kaka yangu. Huyu anakaa kwenye ini. Anapita damu kwa damu, na nyie mlikuwa mnachangia mabomba. Dawa yake ipo duniani, ila hapa kwetu haijafika bado. Tunaanza na huyu wa kwanza, maana ndiye aliyekuacha bila ulinzi."

Basi Mudathir akawa anafika kwenye dirisha la dawa pale kliniki kila asubuhi kunywa methadoni mbele ya Bupe, na jioni nyumbani anameza kidonge chake cha kufubaza virusi. Wiki za kwanza zilikuwa kama muujiza. Vidonda vya mdomoni vilifunga. Alikula, akaongeza, akakomba na sufuria. Akarudi Keko, na mafundi wa zamani, baada ya kumchunguza kwa siku mbili tatu kama misumari inapungua, wakamwachia kona yake. Zubeda alianza kuimba tena akiwa anafua.

Halafu ndiyo yakaja haya macho.

"Mudi," Zubeda akasema hatimaye, pale mkekani. "Miaka yote ile ya uchafu, sindano za kuokota, macho yako yalikuwa meupe. Leo umekuwa mtu, unalala kitandani, unakula chakula changu, ndiyo unageuka binzari? Kilichobadilika ni nini? Ni hivyo vidonge."

"Dada, wale watu wamenisaidia."

"Hiyo methadoni kanywe, sikukatazi. Lakini hivi vingine vinakuchoma ini. Nimeshamzika baba. Sitaki kuzika tena."

Akaingia ndani, akalitoa kopo la vidonge kwenye kabati, akalifungia ndani ya sanduku lake la kanga. Mudathir angeweza kukataa. Alikuwa mtu mzima, na kopo lilikuwa lake. Lakini na yeye aliogopa, na maneno ya dada yake yalikuwa na mantiki ambayo hakuweza kuipinga. Akaliacha kopo sandukuni. Kesho yake akanunua miwani myeusi kwa machinga, akaivaa kwenda kliniki.

Ilimfaa kwa siku chache. Anafika dirishani, anasema shikamoo, anakunywa kikombe chake, anasema jina lake ili ionekane amemeza, anaondoka. Asubuhi moja kulikuwa na mawingu mazito na manyunyu, watu wote wamejikunyata chini ya bati, na Mudathir akasogea dirishani na miwani yake.

Bupe akakishika kikombe, hakukitoa.

"Leo jua limekuchoma wapi?"

"Macho yanawasha tu, sista."

"Vua nione."

"Nitachelewa kazini, mama."

"Mudathir." Bupe aliinama mpaka uso wake ukakaribia dirisha, akashusha sauti ili walio nyuma wasisikie. "Mie nimekuona siku uliyoletwa umeshikwa shati. Hakuna utakachonionyesha leo kikanishtua. Vua."

Akavua. Bupe akamtazama kitambo, akampa kikombe, akasubiri ameze, kisha akamwambia akae kwenye benchi la ndani. Alipokuja kukaa karibu yake hakumuuliza habari za macho. Alimuuliza: "Vile vidonge vya jioni, unavimeza?"

Mudathir akatikisa kichwa.

"Nani kakwambia uache?"

"Dada yangu."

"Huyo aliyekuleta?"

"Huyohuyo."

Bupe akapumua kwa nguvu. "Basi yuko sahihi kuogopa. Hajakosea kuogopa hata kidogo. Alichokosea ni kutokuja kutuuliza, na wewe umekosea zaidi. Nenda kamlete. Leo hii."

Zubeda alikuja na kopo limefungwa kwenye ncha ya kanga, uso umekaza, tayari kwa ugomvi. Aliyewapokea ni daktari Kamugisha, Mhaya mpole, mrefu, anayesema taratibu kama anayehesabu maneno asije akapoteza hata moja. Hakumgombeza mtu. Alimpima Mudathir tumbo kwa mikono, akamuuliza kama amekunywa pombe, mitishamba au vidonge vya kununua dukani. Hakuna. Akatuma damu maabara, akawaambia wasubiri. Zubeda hakuweza kusubiri kimya.

"Dokta, mie niambie kitu kimoja. Hivi vidonge ndivyo vilivyomfanya hivi au sivyo?"

"Kwa namna fulani, mama, ndivyo."

Zubeda akamgeukia mdogo wake kwa ushindi, lakini Kamugisha akainua mkono.

"Subiri nimalize. Chukulia nyumba ina mlinzi, na mlinzi ameugua, amelala miaka. Mwizi akaona, akahamia chumba cha nyuma. Anapika, analala, anaharibu polepole, na nje huwezi kujua, maana hakuna anayepiga kelele. Ndivyo ini la mdogo wako lilivyokuwa. Huyu mdudu wa C alikuwa humo siku zote. Macho yalikuwa meupe kwa sababu hakuna aliyekuwa anapigana naye. Sasa sisi tumempa mlinzi dawa. Amepata nguvu, ameamka, amezunguka nyumba yake, akamkuta mtu chumba cha nyuma. Hapo pana amani?"

"Hapana," Zubeda akasema kwa sauti ndogo.

"Wanapigana. Na vyombo vinavunjika."

"Na vyombo ni vya mwenye nyumba."

"Umenielewa, mama. Ini linavimba kwa sababu ya vita, na kinachopigana ni kinga yake mwenyewe, iliyorudi. Mara nyingi vurugu kama hii inatulia yenyewe. Lakini sitakudanganya: wakati mwingine ni dawa yenyewe inayolikera ini, na kuna homa ya ini nyingine, B, ambayo nayo ingeweza kufanya hivi. Ile B tulimpima mwanzo, hana, na leo tunarudia. Kwa hiyo tutampima damu kila wiki. Nikiona ini linazidi kuumia, nitaibadili dawa siku hiyohiyo. Ila akiiacha mwenyewe nyumbani, mlinzi analala tena. Na safari hii anaweza asiamke."

Mudathir akasogea mbele kidogo. Akauliza: "Huyo mlinzi, dokta, atashinda?"

Kamugisha akamgeukia. "Kwa watu wachache, kinga inamfukuza C peke yake. Wengi haiwezi, na wewe umeshakaa naye muda mrefu. Lakini ini lenye mlinzi aliye macho linaharibika polepole kuliko ini lisilo na mlinzi. Tunachotafuta sasa ni muda. Dawa ya C itafika, na nataka ikukute uko hai na ini lako lingali zima."

Majibu ya maabara yalipokuja, B haikuwepo. Vipimo vya ini vilikuwa vimepanda sana, ila, Kamugisha alisema, si kiasi cha kumtoa usingizini daktari. Zubeda akafungua ncha ya kanga, akatoa kopo, akaliweka mkononi mwa mdogo wake mbele ya watu wote.

"Meza nikuone," akasema.

"Ni ya jioni, dada."

"Basi jioni nitakuona."

Akamwona. Jioni hiyo na jioni zote zilizofuata, alisimama mlangoni na bilauri ya maji mpaka kidonge kipite. Mudathir alikuwa analalamika kwamba ananyweshwa asubuhi Temeke na jioni Mtongani, hana tofauti na ndama. Lakini alimeza. Wiki mbili za kwanza macho hayakubadilika, na kuna siku alilala mchana kutwa, anasikia harufu ya vitunguu na kutapika. Kisha, bila kishindo, mkojo ukaanza kuwa mweupe. Njano ikarudi nyuma kwenye pembe za macho, ikafifia, ikaisha. Damu ya kila wiki ikawa ya kila mwezi. Siku Kamugisha alipomwambia vipimo vya ini vimeshuka na kinga imepanda maradufu, Mudathir alienda moja kwa moja Keko, akavuta kitambaa kwenye kochi la watu watatu peke yake, upande mpaka upande, bila kupumzika.

Mdudu wa C hakuondoka, kama alivyosema daktari. Walikaa pamoja, yeye na Mudathir, kama wapangaji wawili wasiopendana. Kila alipohisi uchovu alijiuliza kama ni kazi au ni ini. Alikuwa ameshazoea kujiuliza hivyo siku Bupe alipomwita kutoka foleni, uso wote kicheko, akamwambia: "Imefika." Mudathir hakuuliza nini. Alijua.

Zilikuwa dawa za kumeza tu, kwa miezi mitatu, na kwa vile alikuwa anafika dirishani kila siku, alizimezea hapohapo, pamoja na methadoni. Alijiandaa kuumwa tena. Alimwambia Zubeda aweke ndoo karibu na kitanda. Ndoo haikutumika. Kichwa kilimuuma kidogo wiki ya kwanza, basi. Alipomaliza, Kamugisha akamwambia asishangilie bado, wasubiri miezi mingine mitatu wapime tena kama kuna aliyejificha. Wakasubiri, wakapima. Hakukuwa na kitu.

"Hakuna kitu?" Mudathir aliuliza. "Kabisa?"

"Kabisa. C hayupo kwenye damu yako. Ukimwi unaendelea na kidonge chako cha kila siku, huo hautoki, ila na wenyewe umefubaa, kipimo cha kuhesabu virusi hakiuoni. Ukiendelea kumeza hivyo, humwambukizi mwenza wako. Na ini limeanza kujirekebisha."

Alirudi nyumbani akamwambia Zubeda. Zubeda akaenda uani, akasema anakwenda kuangalia moto, na moto ulikuwa haujawashwa.

Ni kipindi hicho ndipo Mwanaasha alipoleta kochi kule Keko. Alikuwa mjane wa Tabata, muuza mapazia ya mtumba, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Kochi lilikuwa la marehemu mumewe, limechanika kitambaa, sponji imekaa kama chapati. Alitaka livishwe upya, rangi ileile ya ugoro. Mudathir akamwambia kitambaa hicho hakitengenezwi siku hizi.

"Umetafuta?"

"Sijatafuta."

"Sasa unajuaje?"

Akatafuta. Alizunguka maduka ya Kariakoo mpaka akakipata kipande cha mwisho kwenye duka la mzee mmoja aliyekuwa anakaribia kufunga biashara. Kilipungua kidogo, ikabidi aunge sehemu ya nyuma ambayo ingekaa ukutani. Mwanaasha alipokuja kulichukua aliligeuza kochi, akapapasa kiungo kwa vidole, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo akawa analeta mito. Kisha viti vya kulia. Kisha akaja siku moja hana kitu mkononi, akakaa juu ya robota la sponji, akasema, "Leo sina kazi ya kukupa. Nimekuja kukaa tu."

Mudathir hakutaka kusubiri mpaka mambo yakolee. Siku hiyohiyo, wenzake walipokwenda kuswali alasiri, alimweleza yote: unga, sindano, Ukimwi, ini, baba yake aliyezikwa yeye hayupo. Mwanaasha alisikiliza akinyofoa nyuzi kwenye robota. Mwisho akauliza, "Unameza dawa zako?"

"Nameza."

"Unajuaje kama hutaniambukiza?"

"Usinisikilize mie. Twende ukamsikilize muuguzi wangu."

Wakaenda. Bupe alikaa na Mwanaasha peke yake muda mrefu, milango imefungwa, na waliotoka humo walikuwa wanawake wawili wanaocheka, jambo lililomfanya Mudathir awe na wasiwasi juu ya nini kimesemwa.

Walipokubaliana kuoana, tatizo lilikuja kwa kaka yake Mwanaasha, Fakihi. Alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa taratibu, ambaye dada yake alishamweleza hali ya mchumba. Hakukataa. Alichotaka ni wachumba wapime kwanza, magonjwa yote, kwenye zahanati iliyo karibu na kwake Tabata, ndipo azungumzie mahari. Ombi la haki. Wakapima. Mtaalamu wa maabara akawaita ndani, Fakihi akiwa pamoja nao kwa ridhaa yao, akasema Mudathir Ukimwi anao, kama alivyosema mwenyewe, na kipimo cha homa ya ini C nacho kimetoa mistari miwili.

Mudathir akakisogelea kipimo kukiangalia. Mistari miwili ndiyo ileile aliyoonyeshwa siku ya kwanza Temeke.

"Si ulisema umepona?" Fakihi akamuuliza. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Nilipona. Waliniambia hayupo."

"Na sasa yupo. Huyu anakuja kwa sindano, hukutuambia hivyo? Mdogo wangu, mie si mtu wa kuhukumu. Lakini niambie ukweli. Umerudi huko?"

Mudathir alitaka kuapa. Alijua sura ya teja anayeapa. Alishawahi kuivaa mara nyingi, mbele ya baba yake, mbele ya Zubeda, na kila mara alikuwa anaapa uongo. Sasa alikuwa na ukweli mkononi na hakuwa na namna ya kuufanya usifanane na uongo wa zamani.

Mwanaasha ndiye aliyesimama. "Twende Temeke," akasema. "Wote watatu. Sitaki kusikia neno lingine mpaka tufike."

Bupe aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akafanya kitu ambacho Mudathir hakukitegemea. Akaguna, akajipiga paji la uso.

"Nisamehe, kaka yangu. Hili nililikumbuka kwa wengine, wewe nikakusahau. Ilitakiwa uambiwe siku uliyopona." Akamgeukia Fakihi. "Mwalimu, uliwahi kuugua surua?"

"Nikiwa mdogo."

"Unayo sasa hivi?"

"Hapana."

"Lakini nikichukua damu yako leo, itanionyesha kuwa iliwahi kupigana na surua. Kinga ya mtu haisahau. Ikishakutana na mdudu inamtengenezea alama, na alama zinabaki hata mdudu akiondoka. Kipimo alichopimwa mwenzako kwenye zahanati hakimtafuti mdudu, kinatafuta alama. Akipimwa nacho leo, akipimwa nacho akiwa mzee, mistari itakuwa miwili. Wale wa zahanati hawajakosea, wamesoma walichokiona. Cha kumtafuta mdudu mwenyewe ni kipimo kingine, na hicho kipo hapa."

"Kwa hiyo sasa kinga imeshamjua," Mwanaasha akasema. "Hawezi kumrudia."

"Hapo ndipo penye tofauti, mwanangu. Surua ukishaugua umeugua. Huyu kinga inamkumbuka, lakini kumbukumbu haimzuii. Akichangia bomba kesho, kesho anaanza upya." Akamtazama Mudathir. "Ndiyo maana sitakuapia, wala usiape. Tutachukua damu."

Akachukua damu. Siku za kungoja zilikuwa ndefu. Mudathir alifanya kazi hovyo, akashona mto mmoja nje ndani. Zubeda alipika biriani katikati ya wiki, akasema ni kwa sababu nyama ilikuwa nzuri. Mwanaasha alikuja Keko kila alasiri kama kawaida, akakaa juu ya robota lake, na alipoulizwa kwa nini anakuja wakati majibu bado, akasema, "Kwani nilikuwa nakuja kwa ajili ya majibu?"

Majibu yalipotoka, Bupe hakumwita ndani. Alimpungia kutoka dirishani, mkono juu, mbele ya foleni nzima, kisha akaweka kidole na gumba pamoja kuonyesha duara tupu. Hakuna. Mudathir akatoka nje ya foleni, akapiga simu Tabata. Fakihi ndiye aliyepokea. Aliposikia majibu akasema, "Nilikuuliza swali ambalo hukustahili kuulizwa."

"Ulikuwa unamlinda dada yako, shemeji. Wangu angefanya zaidi."

"Njoo Ijumaa. Uje na huyo dada, tuzungumze."

Ndoa ilifungwa barazani kwa Fakihi, watu wachache, pilau sufuria mbili. Bupe alikuja na gauni la kitenge la kung'aa, na kina mama wa Tabata walipomuuliza ni nani kwa bwana harusi, akajibu bila kufikiri kwamba ni shangazi yake wa Temeke. Zubeda alipewa kiti cha mbele na hakukikalia hata dakika moja. Kamugisha hakuweza kufika, alikuwa zamu, akatuma salamu na onyo kwamba bwana harusi asisahau kidonge kwa sababu ya furaha.

Sasa hivi Mudathir anaishi Tabata na mkewe. Methadoni imepunguzwa kidogokidogo, na kliniki inamruhusu kuchukua dozi za nyumbani, kwa hiyo Temeke haendi kila siku tena. Akienda hukaa benchini na wale walioletwa wapya, wenye macho ya njano na wasio nayo, na mtu akimwambia kwamba vidonge vinamuua anamuuliza kama ameshamwambia daktari. Hawasemezi zaidi ya hapo. Wakitaka kuendelea kuuliza, anajibu.

Jumapili iliyopita mvua ilinyesha tangu asubuhi. Walikuwa wamekula samaki wa kupaka, Mwanaasha amejinyoosha kwenye kochi la rangi ya ugoro, miguu yake juu ya mapaja ya mumewe, anasinzia. Mudathir akakumbuka nguo zilizokuwa kwenye kamba, akaanza kuinuka.

"Unakwenda wapi?"

"Nguo zinalowa."

"Nimeshaanua," Mwanaasha akasema, macho yamefumba. "Kaa."

Akakaa.